Rivyu ya ile kliniki ya "kunyamazisha jeni" kwa waliovunjika uti wa mgongo: soma kabla hujatuma advansi

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili nimempa AC na yule dada wa mapokezi, maana kiukweli ana lugha nzuri na alinipa maji ya baridi kabla hata sijakaa vizuri. Tiba yenyewe haijapata kitu. Nitaeleza kwa nini na itakuwa ndefu, mwenye haraka ashuke huko chini kwenye mambo ya godoro.

Jina la kliniki silitaji, sina hela ya wakili, ila wengi mtaijua kwa matangazo yake, ni zile video zinazozunguka Watsapu, kijana amekaa kwenye wilchea halafu kipande kinachofuata kasimama ameshika meza, muziki wa huzuni unapiga kwa chini na maandishi yanapita "teknolojia mpya ya kunyamazisha jeni, uti wa mgongo unajiunga wenyewe". Ipo njia ya Bagamoyo, ghorofani, paking ya kutosha, lifti inafanya kazi. Lifti naitaja makusudi kabisa, Dar hii unaweza ukakuta kliniki ya mifupa iko ghorofa ya tatu na ni ngazi tupu, mgonjwa anabebwa mgongoni na walinzi, kwa hiyo hapo hongera zao.

Mgonjwa wetu ni mdogo wangu wa kiume, alikuwa anaendesha boda, kirikuu ikamfuata upande wake huko Kimara. Pingili za mgongo zikavunjika, akapasuliwa akawekewa vyuma, amerudi nyumbani kuanzia kitovuni kushuka chini hasikii kitu. Mjomba ndo alileta ile video kwenye grupu la familia, na kabla ya adhuhuri watu washaanza kuandika ahadi, shangazi laki mbili, binamu wa Mwanza laki, mweka hazina akateuliwa humo humo. Mimi nafundisha bayolojia sekondari, basi wakasema mwalimu nenda wewe ukawasikilize, wewe ndo utawaelewa maneno yao. Nikaenda, na daftari.

Kwanza bei, maana najua wengi ndo mnachotafuta. Kuna pakeji ya Silva, ya Goldi na ya Platinamu. Sisi tulipigiwa hesabu ya Goldi, dripu sita za mkononi pamoja na matone ya puani, milioni nne na laki nane, nusu unatanguliza. Ukilipa ndani ya wiki hiyo unapunguziwa laki tano. Ofa ya uti wa mgongo jamani, kama vile... aisee tuendelee.

Sasa niwatendee haki, maana wapo wanaosema hiyo kitu ni uongo mtupu haipo duniani, na hao nao wanapotosha. Sayansi ipo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walitoa kazi yao ya minyoo wadogo wa kwenye udongo wakaonyesha jinsi jeni inavyoweza kuzimwa kwa kutumia RNA, na mwaka 2006 wakapewa Nobeli ya tiba. Kwa ambaye bayolojia aliiacha kidato cha pili: maelekezo ya kutengeneza protini, ndo hizo jeni zenyewe, yamekaa kwenye DNA ndani ya kiini cha seli, na seli ikitaka protini fulani haitoi DNA yenyewe nje, inatoa nakala yake ya RNA. Chukulia cheti chako cha kuzaliwa kimefungiwa kabatini, unachozunguka nacho maofisini ni fotokopi ya steshenari. Ukiingiza kwenye seli kipande kifupi cha RNA ya nyuzi mbili, herufi 21 hivi, kinacholingana na hiyo fotokopi, seli yenyewe inakichukua na kukitumia kuitafuta fotokopi mpaka inaipata na kuikata, protini haitengenezwi, na cheti kabatini hakijaguswa. Ndo kunyamazisha kwenyewe, hamna uchawi. Dawa ya kwanza ya aina hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2018, inaitwa patisiran, ya ugonjwa mmoja wa kurithi unaoharibu neva.

Na kwa nini watu wanaiwazia uti wa mgongo? Kwa sababu neva ya mkononi ikikatwa ina uwezo wa kuota tena, taratibu, milimita moja hivi kwa siku, lakini za kwenye ubongo na uti wa mgongo zikikatika zinagoma. Wamisri wa kale walishaliona hilo, kuna maandishi yao ya kwenye mafunjo yanaitwa ya Edwin Smith ya miaka kama 3,600 iliyopita, tabibu anaelezea mtu aliyevunjika shingo akapooza mikono na miguu, halafu anaandika huu ni ugonjwa usiotibiwa. Basi. Siku hizi tunajua sababu kadhaa za huko kugoma: kwenye utando unaofunika neva za huko kuna protini kama Nogo inayoziambia msikue, pale palipoumia panajengeka kovu lenye kemikali za kuzuia, na ndani ya neva yenyewe ya mtu mzima kuna jeni zinazodhibiti ukuaji, mojawapo PTEN. Mwaka 2010 timu ya Zhigang He kule Boston ilionyesha kwamba panya wakiondolewa PTEN kwenye neva zinazotoka ubongoni kushuka chini, nyuzi za neva zinaota na kuvuka jeraha la uti. Ilikuwa habari kubwa sana kwa wanaofuatilia haya mambo.

Kwa hiyo nilienda pale kwa nia njema kabisa, si kwa kukamia.

Dokta, nimwite hivyo kwa sababu alijitambulisha hivyo, ni kijana nadhifu, stetoskopu shingoni, anajua kuongea, yale maneno ya kumtoa nyoka pangoni anayo. Nikamuuliza, dokta mnanyamazisha jeni gani? Akajibu hapo hapo bila kubabaika: "PTEN, mwalimu." Nikamwangalia vizuri. Mtu aliyekariri ubabaishaji wa kawaida hajui hilo jina. Akaendelea, wanatumia eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, wanavijaza ile RNA ya kuzima PTEN, halafu inapitia puani. Na hiyo nayo ipo, sio ya kutunga, mwaka 2019 watafiti wa Israeli walichapisha kazi yao, walichukua eksosomu za seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, wakazipakia RNA ya kuzima PTEN, wakawapa panya waliokatwa uti wa mgongo kabisa, kupitia puani, zikafika mpaka kwenye jeraha na baadhi ya panya wakarudisha uwezo wa kusogeza miguu ya nyuma. Kumbuka ni panya wa maabara, jeraha bichi, dawa imeanza mapema, wenyewe wanalishwa na kupimwa kila siku. Mdogo wangu ni dereva boda, kovu lake lishakomaa.

Nikamuuliza la pili. Hiyo PTEN ikishanyamaza, inanyamaza kwa muda gani?

"Milele mwalimu. Ukimaliza dozi sita haiamki tena."

Hapo ndo nikafunga daftari, na nawaomba mtulie hapa kidogo kwa sababu hili ndo lenye uzito kuliko yote niliyoandika. PTEN haikai mwilini ikisubiri kuwaudhi watu waliovunjika mgongo. Kazi yake ni kuzuia seli zisikue hovyo. Ni moja ya jeni zinazokutwa zimeharibika mara nyingi sana kwenye saratani, na wapo watu wanaozaliwa na nakala yake mbovu, hali inayoitwa Kauden, hao hatari yao ya kupata saratani ya titi na ya tezi ya shingo iko juu sana kuliko watu wengine. Uzuri wote wa kutumia RNA ni kwamba haikai, inafanya kazi yake wiki kadhaa au miezi kisha inaisha, jeni inarudi kazini, na neva imeshapata nafasi ya kuota. Sasa wewe mtu unayejua hilo jina la jeni halafu unamwambia mteja utaizima milele, ama hujui unachouza ama unajua na ndo mbaya zaidi. Kwa bahati nzuri kwa walio kwenye hizo dripu tayari, sidhani kama kilichomo kwenye dripu kinazima chochote, na nitaeleza.

Dripu yenyewe. RNA tupu ukiiweka kwenye damu vimeng'enya vinaila ndani ya dakika chache, figo zinamaliza kilichobaki. Watafiti wakagundua njia ya kuifunga kwenye mafuta au kuibandika sukari maalum, na ikishafungwa hivyo sehemu inayopenda kwenda ni ini. Ndo maana hizo dawa za RNA zilizopo sokoni nyingi zinalenga ini, hata ile patisiran ya ugonjwa wa neva inaenda kuzima protini mbaya ini linakoitengeneza. Kutoka kwenye mshipa wa mkono kuingia kwenye ubongo na uti wa mgongo kuna ukuta, ule utando wa mishipa ya damu ya ubongo, haupitishi vitu kirahisi. Wenzetu wanaotibu neva za ndani kwa dawa za namna hii wanachoma sindano chini ya mgongo, kwenye maji yanayozunguka uti. Tofersen iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, ya watu wenye ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, ile aina inayotokana na jeni ya SOD1, inaingia hivyo. Nusinersen ya mwaka 2016, ya watoto wenye misuli inayonyauka kwa kurithi, inaingia hivyo pia, japo hiyo yenyewe hainyamazishi, inarekebisha jinsi nakala inavyoungwa. Na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Piga hesabu kwa shilingi, ni zaidi ya bilioni moja na nusu. Halafu hapa njia ya Bagamoyo milioni nne na laki nane na diskaunti juu.

Nikaomba kuiona dawa. Hakukataa, akavuta droo ya mezani, droo ya kawaida hiyo yenye stepla na risiti, akatoa kichupa. Kina ukubwa wa kidole gumba, mfuniko wa zambarau, ndani unga mweupe umeganda chini. Nikauliza friji iko wapi akasema hii toleo lake halihitaji friji. Nikakigeuza. Maandishi makubwa ya Kikorea, sisomi, lakini pembeni kwa Kiingereza herufi ndogo mno, nikavaa miwani, imeandikwa ni bidhaa ya urembo, ya kupaka kwenye ngozi ya uso. Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakichukua taratibu, akasema "hiyo lebo ni ya kiforodha tu mwalimu, ili ipite bandarini."

Sasa wadau, mtu anakuambia mwenyewe kwa mdomo wake kwamba lebo imeandikwa uongo ili ipite, halafu anataka uamini dripu. Mimi naamini lebo. Vile vichupa vipo kwenye maduka ya vipodozi, wadada wanapakwa usoni baada ya kuchomwachomwa vile visindano vya ngozi, vikiwa usoni mimi sina neno. Kuviweka kwenye mshipa wa damu wa mtu ambaye kinga yake tayari iko chini ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2019 mwishoni FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu bidhaa za eksosomu baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kupata madhara makubwa, na ikasema wazi kwamba hakuna hata moja iliyoidhinishwa.

Kingine kilichonikera ni kwamba hakuna aliyemgusa mgonjwa wala kuomba karatasi zake. Nilibeba faili lote, picha za MRI, ripoti ya upasuaji, na ile fomu ya vipimo vya ASIA ambayo inaonyesha kama jeraha ni kamili au si kamili. Herufi A maana yake hakuna hisia wala nguvu mpaka chini kabisa kwenye njia ya haja, B mpaka D ni kwamba kuna kitu kinapita, E ni mzima. Hii herufi ndo kila kitu. Mtu wa C au D miezi ya mwanzo anaweza kurudisha nguvu nyingi tu kwa mazoezi na kwa muda, bila dripu yoyote, uti ukishatulia uvimbe. Sasa yule kijana wa kwenye video aliyesimama ameshika meza, alikuwa herufi gani alipoanza? Nikamuuliza dokta, akasema hayo ni mambo ya siri ya mgonjwa. Siri ya mgonjwa, na sura yake iko kwenye simu ya kila mtu kuanzia Mbagala mpaka Bunju.

Halafu kile kile kichupa, nimeona kwenye bango lao pale ukutani, ni cha uti wa mgongo, cha waliogongwa kichwa, cha kiharusi, cha watoto wenye usonji, na mwisho kabisa kwa maandishi ya dhahabu nguvu za kiume. Mzee mmoja alikuwa amekaa pembeni yangu na mkewe, yeye alipata ajali ya kichwa, kumbukumbu inapotea, mke ndo anaongea. Wao walishatanguliza. Nilimwambia yule mama kwa sauti ya chini, mama naomba ukamwonyeshe daktari wake wa ubongo hiki kichupa kwanza. Akanijibu, baba yangu, tumeshazunguka sana. Sikuwa na la kuongeza. Mfa maji haachi kutapatapa na siwezi kumlaumu hata kidogo, anayelaumiwa ni anayemuuzia.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo mwalimu hakuna kitu kabisa duniani? Vitu vipo njiani ila njia yenyewe ina mashimo. Kuna dawa ilikuwa inazuia protini ya Rho, nayo ni ya kuzifanya neva zisiote, hiyo sio ya kunyamazisha jeni ila inagonga mlango wa jirani, inawekwa pale pale kwenye uti wakati wa upasuaji, mwanzoni ilisifiwa sana, jaribio kubwa likasimamishwa mwaka 2018 kwa sababu halikuonyesha faida. Kuna kingamwili za kuzuia ile Nogo, kazi ya Martin Schwab wa Zurich ambaye kaisotea tangu miaka ya themanini, matokeo ya jaribio la watu wenye jeraha la shingo yakatoka mwaka 2024, kwa ujumla hayakufikia lengo, ila wale ambao jeraha lao si kamili walionekana kupata nafuu fulani na hao ndo wanaendelea kufuatiliwa. Na tena pale walianza dawa ndani ya wiki nne tangu kuumia. Kwenye ubongo ipo tominersen, hiyo ni ya kunyamazisha haswa, ya ugonjwa wa Huntington, wa kurithi unaoharibu ubongo, jaribio kubwa likasitishwa Machi 2021, na waliokuwa wanaipata mara nyingi zaidi ndo walikuwa na hali mbaya zaidi. Yaani hawa watu wana maabara, wana mabilioni, wana madaktari waliobobea, wanafuata kila mgonjwa kwa miezi, na bado wanakwama na wanakubali hadharani kwamba tumekwama. Kliniki ya droo yenyewe haijawahi kushindwa hata mgonjwa mmoja. Jiulize.

La mwisho kuhusu huduma yao: nikauliza ukilipa advansi unapewa risiti ya EFD? Dada wa mapokezi akaangalia chini. Ni kile kitabu cha risiti cha kununua dukani, na namba ya kutumia hela ni ya mtu binafsi, jina la mwanamke ambaye hayupo popote kwenye ukuta wao wa vyeti. Nyota nimeiacha ya yule dada lakini, yeye ni mwajiriwa tu.

Sasa godoro. Michango ilikuwa imeshaingia ya kutosha, na mjomba alinuna sana niliporudi na majibu, akaandika kwenye grupu "wasomi ndo wanatukwamisha" halafu akatoka kwenye grupu, akarudishwa, akatoka tena. Mama ndo akaamua, kwamba hela ni ya mtoto na itamhudumia mtoto. Tukanunua godoro la hewa lile lenye mota linalojaza na kupunguza upepo sehemu sehemu, la pili yake kiti mwendo kilichopimwa kwa mwili wake, sio vile vya msaada vipana ambavyo mtu anakaa kapinda kama anaanguka. Na tukamchukua fiziotherapia anayekuja nyumbani, yuko Sinza.

Huyu fizio nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya muda, ukiambiwa saa tatu ujue ni saa tano, mvua ikinyesha ndo usahau kabisa. Lakini kazi anaijua. Siku ya kwanza hakugusa hata mguu, alimgeuza dogo ubavu akaangalia mgongo wote na makalio kwa tochi ya simu, akapata pale juu ya mfupa wa mkia duara jekundu la ukubwa wa shilingi mia, akabonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Akatuita wote tuone. Akasema hiki ndo kinaua watu wa uti wa mgongo mtaani, sio uti wenyewe, mtu hasikii maumivu kwa hiyo anakaa hapo hapo mpaka nyama inaoza, inaingia mpaka mfupani, damu inapata sumu. Tangu hapo usiku tunamgeuza kila masaa mawili, tumegawana zamu na alamu ziko kwenye simu zetu, na mchana akiwa kwenye kiti anajinyanyua kwa mikono kila baada ya muda, makalio yanapumua. Ana kioo kidogo cha mkono, asubuhi anajiangalia mwenyewe. Duara lile limefifia bila dawa yoyote.

Mkojo nao alitufundisha, au tuseme alimleta nesi akatufundisha. Kile kimpira cha kukaa muda wote na mfuko kinaleta maambukizi sana, dogo sasa anajiwekea mwenyewe mpira msafi kila masaa manne mpaka sita, anatoa mkojo, anatoa mpira, maisha yanaendelea. Mwanzoni aibu ilikuwa nyingi, kwanza hakutaka mama awepo ndani, sasa hivi anafanya huku anaangalia mpira wa Yanga kwenye simu. Na choo kina ratiba yake. Haya mambo hayana video wala muziki wa huzuni ila ndo yaliyomrudisha kwenye kula vizuri na kulala, na homa zile za kila mara zimeacha. Mikono imekuwa na nguvu, anajihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kwa ubao ambao fundi wa mtaani ametutengenezea na kuupiga msasa.

Miguu bado hasikii. Nasema wazi ili mtu asidhani naleta ushuhuda.

Kwa wanaotaka kujiridhisha wenyewe na tiba yoyote mpya inayotangazwa mjini: dawa iliyosajiliwa nchini unaweza kuiangalia kwenye orodha ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ipo kwenye tovuti yao, tafuta kwa jina la dawa lililoandikwa kwenye kichupa na sio jina la pakeji, na ukikuta haipo wapigie uulize. Omba kichupa ukishike. Soma mwenyewe hata kama hujui sana Kiingereza, piga picha umpe mtoto wa shule akusomee. Wakikukatalia kupiga picha, hilo ni jibu tosha. Na kama ni jaribio la utafiti kweli, mgonjwa hauziwi pakeji, anasomewa fomu ndefu ya ridhaa, anaelezwa hatari zake, na kuna kamati ya maadili iliyokubali. Mambo ya ubongo na uti ukitaka ushauri wa kueleweka nenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na faili lako, foleni ipo ndefu, beba maji na uvumilivu.

Kliniki ile niliona juzi wameweka tangazo jipya, sasa hivi Goldi imeshuka mpaka milioni tatu na nusu. Mjomba kanitumia bila kuandika neno.

Naomba pia msaada, kama kuna mdau anajua nani anauza mipira ya mkojo namba 14 kwa bei ya jumla Kariakoo anishtue inbox, hapa duka la karibu na kwetu wanauza moja moja na wanatupiga kweli kweli.